Faili Zilizofichwa

Nilikaa nyuma ya abiria wawili kwenye basi, nikijifanya nasoma gazeti. Karani wa masjala alikuwa akimweleza jirani yake wa kiti, muuguzi mwenye sare, kwamba amerudi kazini baada ya likizo ya ugonjwa. Msongo wa mawazo ulikuwa umemwangusha.

"Wenzangu wamenifichia faili zote, eti nisichoke. Nashinda naangalia ukuta. Nikidai kazi, naambiwa nipumzike. Nikilia, wanasema bado naumwa. Sasa dada, mimi nimerudi au sijarudi?"

Muuguzi akajibu: "Si wakuache ufanye kazi yako!"

Nusura nipige makofi.

Basi likasimama mbele ya ofisi. Karani akainuka, akaanza kukusanya mkoba na mwamvuli wake. Muuguzi akamnyang'anya mkoba. "Lete nikushikie, mpenzi, usije ukachoka."

Mwamvuli wake nilikuwa nimeshaubeba mimi.