Mdudu wa Olbalbal Aliyenirudisha Kazini

Nawasalimu wote kwa amani, ndugu zangu Wakristo na Waislamu, ninyi wagonjwa wenzangu wa kiharusi na ninyi mnaotuuguza. Mwenyekiti amenipa nafasi, nami nitaitumia polepole, kwa sababu ulimi wangu hauna haraka tena. Neno likinikwama, msinimalizie. Ningojeeni, litakuja.

Mimi ni mzaliwa wa hapa Ganako, mwalimu wa baiolojia. Kabla ya kuugua nilikuwa na kazi nyingine niliyoipenda kuliko hata kufundisha, nayo ni kuchora wadudu. Mnacheka, lakini ni kazi. Mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, ambaye zamani tulisoma pamoja, alikuwa akikusanya wadudu wa nchi kavu, nami nilimchorea kwa wino kile alichokiona kwenye hadubini.

Mnamjua yule mdudu wa kijivu anayekaa chini ya jiwe lenye unyevu, mwenye mgongo wa vipande vipande na miguu mingi mifupi? Wataalamu wanasema si mdudu hasa, ni jamaa wa kaa wa baharini. Sasa, siku moja tulikwenda Olbalbal, ng'ambo ya kreta, kule chini kwenye vumbi, tukiwa na kibali chetu cha hifadhi. Kwenye ardhi kavu kama tofali nikaona mashimo madogo, na katika kila shimo, kichwa kimeziba mlango. Alikuwa jamaa yuleyule, lakini miguu yake mirefu zaidi, mgongoni ana vinundu, na anaishi pasipo na tone la maji. Mama mmoja wa Kimasai, mwenye boma karibu na pale, ambaye baadaye sote tulimwita yeyo, yaani mama kwa Kimasai, alikuja akatukuta tumelala kifudifudi. Akaniuliza, "Mmepoteza nini?" Tukawa marafiki tangu hapo.

Mhadhiri alimlinganisha mdudu wetu na wote wanaojulikana. Mwishowe akanipigia simu, akasema, "Huyu hajawahi kuandikwa na mtu." Ili aandikwe, lazima achorwe: kichwa, mgongo, kila mguu, na hasa viungo vya dume, maana hapo ndipo aina moja hutofautiana na nyingine. Nilikuwa nimefika nusu.

Ndipo asubuhi moja, nikimimina chai, chupa ikaniponyoka. Nikataka kuinama niiokote, nikaanguka juu yake. Nilipozinduka hospitalini, upande wa kulia haukuwa wangu. Nilijaribu kumwita dada yangu, ikatoka sauti kama ya ndama.

Ndugu zangu, nawaambia, kuanguka hakukuniumiza kama kukaa. Wageni walikuja nyumbani na maziwa na ndizi, wakakaa mbele yangu wakisema, "Alikuwa mwalimu mzuri sana." Alikuwa. Nami nipo palepale, naona mpaka vifungo vya mashati yao. Nikaanza kugeukia ukutani kila nikisikia hodi. Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alinipa mpira wa kuminya, nikauacha ukabingirika chini ya kitanda. Dada yangu, aliyeacha shamba lake kuja kuniuguza, aliuokota kila siku.

Mhadhiri naye alikuja. Akasema kwa upole kwamba mjini yupo mchoraji anayeweza kumalizia, na jina langu halitaondolewa. Alikuwa na nia njema. Nilimwonyesha kwa mkono achukue vichupa vya wale wadudu aondoke navyo. Hakuvichukua. Alisema, "Nitangoja kidogo," akaenda zake. Nililia. Na mtu wa kiharusi akilia, mnajua, uso unalia upande mmoja tu.

Siku ya mnada, yeyo akaja. Alikuwa amepeleka mbuzi, akasikia habari zangu hukohuko. Hakunipa pole. Alikaa kwenye kigoda, akapanga shuka lake, akaniuliza mimi mwenyewe, si dada:

"Mwalimu, wale wadudu wa kwetu, wameshapata jina?"

Tangu niugue hakuna aliyekuwa ameniuliza swali akangoja jibu. Yeye alingoja. Nililitafuta neno, likapotea, nikalitafuta tena. Likatoka.

"Bado."

Lilikuwa neno kamili. Dada yangu akatoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama mlangoni. Yeyo hakushangaa. Alisema tu, "Basi kazi ipo," akaomba chai.

Kesho yake nikaonyesha kalamu nipewe, nikaishika kwa mkono wa kushoto.

Nisiwadanganye. Mistari yangu ya kwanza ilikuwa kama kuku amepita kwenye unga. Mhadhiri alituazima hadubini, tukaiweka kwenye meza ya chakula. Mkono mmoja hauwezi kuchora na wakati huohuo kuzungusha hadubini, kwa hiyo dada ndiye aliyeizungusha, yeye ambaye maisha yake yote alikuwa akikanyaga kila kitambaacho. Siku moja nilimwonyesha jike mwenye mfuko tumboni, umejaa watoto weupe. Akaangalia kwa muda mrefu. "Kumbe anawabeba," akasema. Tangu hapo akawa ananisahihisha: "Huo mguu umeuchora mfupi." Na kweli ulikuwa mfupi, lakini nilimbishia. Nadhani ulimi wangu ulifunguka kwenye ubishi ule.

Tukatuma andiko kwenye jarida la wanasayansi, likarudi. Waliolisoma walikubali kwamba mdudu ni mpya, ila viungo vya dume havikuonekana vizuri kwenye michoro, na madume tuliokuwa nao walikuwa wameshavunjika miguu. Mhadhiri akaniuliza tena, kwa upole uleule, kama amwite yule mchoraji. Nilikaa na swali lile mpaka uji ukapoa. Kisha nikamwambia, "Nipeleke Olbalbal."

Tulipanda ukingo wa kreta kwenye ukungu, tukashuka upande wa pili kwenye joto. Kutoka kwenye gari hadi kwenye mashimo, kwenu ninyi wazima ni mwendo mfupi. Mimi mguu ulikuwa unaburuza vumbi, na nikaanguka. Yeyo, aliyekuja kutupokea, hakuniinua. Alininyooshea fimbo yake, nikaishika nikajivuta mwenyewe. Dada yangu alichimba kwa kijiko, akapata dume mzima, akakaa chini akalia.

Yule dume nilimchora mpaka mkono ukachoka, nikapumzika, nikamchora tena. Safari hii walikubali. Tukampa jina la Olbalbal. Nilipompigia yeyo kumweleza, akauliza, "Na ng'ombe wangu wakipita juu yao, ni kosa?" Nikamwambia wapite tu, wamekuwa wakipita kabla yetu sote.

Namshukuru dada yangu, aliyeokota mpira. Namshukuru mhadhiri, aliyekubali kungoja wakati kungoja hakukumfaidisha. Namshukuru mtaalamu wa mazoezi, niliyemnunia. Yeyo nilimshukuru kwake, kwa sukari na majani ya chai.

Mnaotuuguza, ninachowaomba ni kidogo. Tuulizeni habari za kazi zetu, kisha mnyamaze mpaka tujibu. Nanyi wenzangu, mkono wangu wa kulia haujafunguka mpaka leo, na huenda usifunguke. Nimeacha kuusubiri ufunguke ndipo nianze kuishi.

Mhadhiri ameniachia mdudu mmoja, nimekuja naye kwenye kichupa. Dada atampitisha pamoja na kioo cha kukuzia. Aanze yule mzee pale nyuma, mwenye mkono mgumu kama wangu. Akishike kichupa mwenyewe, na tusimharakishe.