Nimemaliza, Kunyweni Chai

Kaka yangu alifariki Jumanne, na kiti chake ofisini kikabaki wazi. Wiki ya tatu nilipanda basi kwenda huko kuchukua koti lake.

Mbele yangu walikaa wafanyakazi wawili wa ofisi hiyo hiyo, ambao hawakunijua. Mmoja, dada kijana, alifungua kitabu kinene cha kufundisha skripti, yale maagizo yanayoifanya kompyuta ifanye kazi yenyewe. Mwenzake, mzee mwenye mvi, akachungulia, akacheka. "Wiki mbili nzima uko sura ya nne, mwanangu? Hata kobe angekuwa keshafika kwao."

"Kobe hafuti asichokielewa, mzee wangu."

Walikuwa wakibishana juu ya skripti aliyoiandika kaka. Kila asubuhi saa kumi na mbili huhifadhi nakala za mafaili yote, kisha huwatumia ujumbe: "Nimemaliza. Kunyweni chai." Mzee alitaka ifutwe, inunuliwe programu nyingine. "Marehemu ananisalimia kila siku. Chai yenyewe hainishuki."

"Niache nimalize kitabu. Nikiielewa, nitaitunza mwenyewe."

"Na ikikwama kabla hujamaliza?"

Dada alipigia sentensi moja mstari kwa penseli. Nyumbani pia, kaka alipomaliza kuosha vyombo, alitangaza maneno hayo hayo.

Basi likasimama karibu na ofisi, nao wakashuka wakiendelea kubishana, nami nikawafuata.

Koti sasa linaning'inia nyuma ya mlango wangu. Ikifika saa kumi na mbili asubuhi, nabandika chai.