Kuku Mzima wa Mama Hebu

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na miwili ya utumishi, mkufunzi mwandamizi wa tiba ya wanyama katika chuo chetu anastaafu. Jina lake kamili limo kwenye cheti atakachokabidhiwa, lakini sote tunamwita Mama Hebu, maana hakuna neno aliloliamini kabla ya kusema, "Hebu nione."

Alishuku kila kitu. Mtu akiapa kwamba mbwa wake hajala kitu kibaya, Mama Hebu alimtazama mtu kwanza, mbwa baadaye. Mgonjwa wetu hasemi, alifundisha, kwa hiyo mchunguzeni anayemsemea. Ila aliowashuku zaidi ni wanafunzi wapya waliokuja wakidai kwamba wanapenda sana wanyama. Hao aliwapeleka moja kwa moja kwenye benchi la kusubiria, bila koti jeupe, wakae wiki nzima na wenye mifugo: anayelia, anayefoka, aliyemleta mbuzi wakati maji yameshamwagika.

Sisi wenzake tulinung'unika. Benchi linafundisha nini? Wapo waliosema anakwepa vipindi. Shaka ikazidi tulipomwona kila Ijumaa mchana akitoka na kuku kikapuni, na Jumatatu akirudi na kuku yuleyule. Lisemwalo lipo, tukasema, mama ana biashara yake pembeni. Mwenzetu wa maabara, aliyejipa cheo cha upelelezi, akamfuata.

Alimkuta kwenye zahanati ya wanyama ya mhitimu wetu, kijana aliyeongoza darasa lake na ambaye chuo hakikuchoka kujisifia. Mama Hebu alikuwa amejitanda mtandio hadi puani, anasubiri zamu kama mteja. Kumbe hiyo ndiyo ilikuwa biashara yenyewe: kuwazungukia aliowafundisha, aone kama kazi bado inawapa raha. Zamu yake ikafika. Kijana hakuinua macho. Alimpapasa kuku kwa mkono mmoja, akaandika dawa ya kuhara.

Mama Hebu akashusha mtandio. "Kuku huyu mzima, mwanangu. Hebu nikuone wewe."

Mpelelezi wetu anasema kijana alikaa chini sakafuni, akalia. Vifaa vyake vilishapata mnunuzi, na mwisho wa mwezi alikuwa anafunga mlango aachane na udaktari kabisa. Kwa kila mnyama aliyemfia alijiona mjinga, akasoma zaidi na kulala kidogo zaidi. Yeye alikuwa mwanafunzi wa zamani, kabla benchi halijaanza. Tulimfundisha kushona jeraha. Hatukumfundisha kusimama mbele ya mtu anayemlaumu, wala kufika nyumbani jioni akiwa bado na nguvu za kumbeba mwanawe. Inauma kuandika hivyo, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa zilizofuata Mama Hebu alikwenda bila kuku. Aliketi naye chumbani, wakawapokea wenye wanyama pamoja, na kila mnyama alipokufa walizungumza kabla ya kumwita anayefuata. Mnunuzi alirudi mikono mitupu. Zahanati ipo wazi mpaka leo, na kijana anawapokea wanafunzi wetu kwa mazoezi. Benchi nalo likaingizwa kwenye mtaala. Siku ya kulipigia kura kikaoni, sisi wenye domo tulitulia kama maji mtungini.

Sasa anatuambia kwamba anakwenda kupumzika. Hatumwamini hata kidogo.

Mama Hebu, asante kwa kutunza wanyama, na asante zaidi kwa kututunza sisi. Tunakuombea siha njema na siku za raha kati ya wajukuu. Kwa miaka yote hii umetusimamisha kwenye korido kutuuliza mbona uso umekunjamana, nasi tukajibu kwamba ni uchovu tu, nawe ukakataa kuamini mpaka tukasema kweli. Kuanzia Julai tutajibu kwamba ni uchovu tu, na watu watatuamini.