Nyuzi Nene za Mjomba

MJOMBA: Haloo? Haloo! Ni nani huyo anayepumua tu?

CHIRIKU: Ni mimi, Mjomba. Shikamoo.

MJOMBA: Marahaba, Chiriku wangu! Mbona unanong'ona kama umejificha uvunguni?

CHIRIKU: Niko kwenye korido ya wodi. Salio langu dogo, nisikilize. Zile nyuzi—

MJOMBA: Umezifunga?

CHIRIKU: Nimezifunga. Zile nene ulizosema. Si uliapa, Mjomba?

MJOMBA: Na naapa tena! Haki ya Mungu, ni kweli tupu, nisilale leo kama naongopa. Mandolini ya baba yako ilifungwa nyuzi nene kama kamba za kuanikia nguo. Akiigusa, ng'ombe wa ng'ambo ya bonde wanaacha kutafuna, wanageuza shingo. Kulikuwa na fahali mmoja—

CHIRIKU: Mandolini inalia, Mjomba.

MJOMBA: Si ndiyo kazi yake?

CHIRIKU: Hailii hivyo! Mbao ndiyo inalia. Kila nikikaza inasema kwaa... [mkwaruzo] ...na pale chini ya daraja, kale kabao kanakobeba nyuzi, uso umebonyea. Nimetazama vizuri. Kuna ufa.

MJOMBA: [kikombe kinagonga kisahani]

CHIRIKU: Mjomba? Umekatika?

MJOMBA: Nipo. Ufa mkubwa?

CHIRIKU: Kama ukucha. Unaanzia kwenye tundu la sauti.

MJOMBA: Acha kukaza. Ondoa mkono. Ondoa mkono kabisa!

CHIRIKU: Nimeondoa, bado inasema! Ngoja, nina koleo hapa, nazikata zote—

MJOMBA: Usikate! We mtoto! Ukikata kwa mpigo, mbao inaruka, unabaki na kuni za kuchemshia chai. Legeza. Nyuzi nane, jozi nne, sivyo? Zungusha kidogo jozi ya kwanza, kidogo ya pili, unakwenda hivyo mpaka ya mwisho, halafu unarudi mwanzo. Polepole, kama unamvua mtoto aliyelala.

CHIRIKU: Vishikio vigumu.

MJOMBA: Vigumu hivyohivyo, vizungushe.

CHIRIKU: [mlio unaoshuka] ...Imenyamaza.

MJOMBA: Ufa umekua?

CHIRIKU: Haujakua. Lakini sasa nikipiga inatoa sauti ya kuku mwenye mafua. Siwezi kumpigia Baba kitu hiki! Wanampeleka upasuaji mchana huu, Mjomba. Tangu alipoanguka kwa kiharusi hajatamka neno. Jana nikamwambia nitamletea mandolini yake, kidole kikatikisika. Hiki cha shahada. Nesi mwenyewe alikiona. Daktari amesema sawa, nimpigie kidogo kabla hawajam—

MJOMBA: Ameniulizia?

CHIRIKU: Nimekwambia hasemi. Atakuulizia na nini?

MJOMBA: Ndiyo... ndiyo. Nimeuliza tu.

CHIRIKU: Daktari amesema wakimfungua ndipo watajua. Hakusema watajua nini. Na mimi sikumuuliza.

MJOMBA: Usiulize. [anakohoa] Sikiliza, zifunge zile alizokuwa nazo mwanzo. Mara moja tu, atasikia.

CHIRIKU: Nilizikata.

MJOMBA: Ulizi— zote?

CHIRIKU: Zote, nikatupa. Niliona nyembamba kama nywele, nikasema maskini Baba, alizifunga kwa kukosa zile zenyewe... [mkwaruzo] Hebu subiri. Mjomba. Zile za zamani zilikuwa nyembamba.

MJOMBA: Laini mbaya leo, unasikika kwa mbali—

CHIRIKU: Nasikika vizuri sana! Umesema sasa hivi zilikuwa kamba za nguo. Umeapa!

MJOMBA: Umri nao, Chiriku, unachanganya mambo—

CHIRIKU: Mjomba!

MJOMBA: Sasa unanipigia kelele na wagonjwa wamelala.

CHIRIKU: Duka limebaki na za gitaa tu, pakiti ya mwisho ya mandolini nilichukua mimi. Baba yumo nyuma ya mlango huu. Usinichezee leo. Wewe ya kwako umefunga zipi?

MJOMBA: Ya kwangu ni mambo mengine.

CHIRIKU: Unene namba gani? Hizi nene pakiti imeandikwa kumi na moja na nusu. Ya kwako?

MJOMBA: ...Kumi.

CHIRIKU: Kumi? Kumi si ndiyo nyembamba?

MJOMBA: Ndiyo nyembamba.

CHIRIKU: Tangu lini?

MJOMBA: Tangu lile dansi la harusi ya mama yako. Nilifunga nyuzi nene nimzidi shemeji, baba yako, kwa sauti. Nikapiga mpaka vidole vikachanika. Mzee mmoja akaja kunigusa bega, nikajua nasifiwa. Akaniambia, bwana, sogea kidogo, tunataka kumsikia yule. Basi. Mbao ya mandolini ya baba yako ni ganda la yai, haitaki kubebeshwa mizigo. Inataka uzi mwembamba na mkono mwepesi, ndipo inaimba.

CHIRIKU: Na miaka yote hii unawahubiria watu nyuzi nene.

MJOMBA: Zinapendeza kwenye hadithi.

CHIRIKU: Utanitolea zako.

MJOMBA: Nitamtuma kijana wa pikipiki—

CHIRIKU: Azifunge nani? Kijana wa pikipiki? Njoo nazo wewe.

MJOMBA: Chiriku, goti langu na zile ngazi—

CHIRIKU: Wiki iliyopita ilikuwa tumbo. Kabla yake mvua. Wodi iko chini, Mjomba, hakuna ngazi hata moja. Ungekuja ungejua.

MJOMBA: Yukoje? Usoni.

CHIRIKU: Upande mmoja ni yeye.

MJOMBA: ...Sawa. Sawa, nakuja. Niko njiani tayari, nimeshavaa viatu, hata lango nimelipita—

CHIRIKU: Namsikia mkeo anasema chai inapoa.

MJOMBA: Huyo... ni jirani.

CHIRIKU: Jirani anakuita baba watoto?

MJOMBA: [mlio mwembamba unaoshuka, kisha mwingine]

CHIRIKU: Hiyo sauti ni nini?

MJOMBA: Ni ya kwangu. Nimeiweka mapajani, nalegeza. Nazivua taratibu, zisivunjike ncha. Nikifika nazifunga nikiwa nimesimama.

CHIRIKU: Itabaki tupu.

MJOMBA: Ibaki. [mlio mwingine] Hii ilikuwa inaimba vizuri kweli, bwana.

CHIRIKU: Mjomba, mlango umefunguliwa. Wanaleta kitanda cha magurudumu! Hata mchana haujafika!

MJOMBA: Wazuie!

CHIRIKU: Niwazuie na nini?

MJOMBA: Waombe maji, zimia, piga hiyo ya kuku, lolote! Na yeye mwambie... shika sikio lake upande mzima, mwambie shemeji yako amesema dansi lile lilikuwa lako, lilikuwa lako tangu wimbo wa kwanza, na mimi nilijua—

CHIRIKU: Utamwambia mwenyewe! Dada, subiri kidogo tafadhali, kuna mtu anakuja... Mjomba, kimbia, salio lina—

MJOMBA: Haloo? Chiriku? Haloo! [anageukia ndani] Mama watoto! Acha hiyo chai! Viatu vyangu viko wapi?