Mgongo wa Fundi Futi na Gofu ya Jumamosi

Benchi la mbele ya karakana ya baiskeli lina miguu mitatu na tofali moja. Ijumaa ile asubuhi Fundi Futi, mshona suti, alikuwa amelikalia upande upande, kiuno kimemkaza, macho chini kama mtu aliyedondosha sindano. Jana yake alikuwa amejificha uani akazungusha mpini wa jembe mara arobaini, eti anajifunza gofu. Kisa chenyewe ni mkwe. Baba wa kijana anayemchumbia binti yake alipokuja kujitambulisha alitaja gofu kuwa ndio mchezo wake, na Futi, kwa kutaka tu aonekane mtu wa maana, akajibu kwamba yeye anacheza, mwaka wa kumi sasa. Wakaahidiana Jumamosi. Uongo huo ukifumuka, mkwe atasema nyumba nzima ni ya waongo, na binti ataumbuka kwa sababu ya mdomo wa baba yake. Hilo lilimuuma Futi kuliko kiuno.

— Ulizungusha kwenda upande gani? aliuliza Spoku, mwenye karakana, mikono imejaa grisi.

— Kushoto.

— Mara arobaini zote?

— Zote.

— Basi umezikaza pingili kupita kiasi. Uti wa mgongo ni nati na bolti, kaka. Zungusha arobaini kwenda kulia, utafunguka wenyewe.

— Usimsikilize huyo, alidakia Wembe, kinyozi wa jirani. Mimi nanyoa wacheza gofu. Wote wana bega moja limeshuka. Nikitaka kuwanyoa sawasawa, lazima niinamishe kiti.

— Umewanyoa wangapi?

— Mmoja. Ila alikuja mara mbili.

Mama Birika, muuza kahawa, aliwamiminia huku akitikisa kichwa.

— Acheni kumchanganya mwenzenu. Mgongo umekunjwa kwenye cherehani miaka thelathini, halafu unauzungusha ghafla kwa nguvu zote, hata kuupasha moto hukuupasha. Kwa nini usiumie? Nenda hospitali, baba.

— Kuupasha moto! Spoku aliruka. Mmemsikia mama? Chuma baridi hakipindwi! Nina tochi ya gesi hapo ndani.

— Nisogelee na hiyo tochi nikushone mdomo, alisema Futi.

— Tena gofu inarefusha, aliendelea Wembe, ambaye hakuna aliyemuuliza. Kila ukizungusha, pingili zinaachana kidogo. Ndiyo maana suruali zao zinawaishia juu ya kifundo.

— Zinaishia juu kwa sababu hawashoni kwangu!

Futi alicheka, kiuno kikamkumbusha, akapiga yowe, na yowe lenyewe likawachekesha wote zaidi. Mwishowe, kwa kukosa la kufanya, alikubali ya Spoku. Walimnyanyua, wakamkabidhi pampu ya baiskeli, Wembe akahesabu kwa sauti. Moja. Mbili. Kwenye tatu kitu kikalia ko!

— Imefunguka! alishangilia Spoku.

— Imefungika, alisema Futi kwa sauti nyembamba.

Alikuwa ameganda hapohapo, pampu hewani, ndipo gari dogo la kijivu likasimama mbele yao. Mlango ulifunguka. Ulipita muda. Kisha mguu mmoja ukatoka, ukafuatwa na mkono ulioshika kiuno, na mwishoni kabisa akatoka mkwe mwenyewe, amepinda kuelekea kulia.

Futi alitamani ardhi impasukie. Kwa heshima alitaka kuweka pampu chini ampe mkono, lakini mwili ulikataa.

— Shikamoo, mzee, walisema Spoku na Wembe kwa pamoja.

— Marahaba, wanangu. Mkwe, nisamehe, Jumamosi sitaweza. Naona umeshaanza mazoezi! Ndiyo maana nikasema nije kwako moja kwa moja, wewe mwenye miaka kumi kwenye mchezo huu. Nisaidie. Mgongo wa gofu mnautibu vipi?

Spoku aliangalia grisi yake. Wembe alikunywa kikombe kilichokwisha. Futi alimfikiria binti yake, akaona ni heri aumbuke leo mbele ya watu watatu kuliko siku ya harusi mbele ya ukumbi.

— Mkwe, sijui. Sijawahi kushika fimbo ya gofu maisha yangu yote. Nilikudanganya, naona aibu. Hivi unavyoniona, nimeumia kwa mpini wa jembe.

Mkwe alimtazama, kichwa kimeinama kulia. Alipoongea, alishusha sauti ili wengine wasisikie, nao wakasikia wote.

— Mpini wa jembe una afadhali, mkwe wangu. Mimi nilizungusha mwamvuli wa mke wangu, na bado hajajua umevunjika.