Uwanja Ambao Mama Eusta Aliacha Kuufagia

Bi. Eustadia Rwegoshora, ambaye hapa nyumbani tunamwita Mama Eusta, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya kuitumikia Nyumba ya Wazee ya Simeoni na Ana, Kanoni, kwa miaka ishirini na tisa. Aliajiriwa kuwa mhudumu wa usafi na anaondoka akiwa mhudumu wa usafi. Cheo hakikubadilika. Kilichobadilika ni uwanja wa nyuma, na Sista Anatolia, mkuu wetu, ameniomba mimi niyaandike hayo kwa sababu mlango wa jiko langu unatazama huko na nimeyaona yote. Nayaandika pia kwa sababu tangu aanze kufunga mizigo, Mama Eusta ana wasiwasi mmoja tu: akishaondoka, uwanja huo ataulinda nani?

Asiyemfahamu Mama Eusta wa zamani atadhani alizaliwa akipenda majani. Hapana. Alikuwa mtu wa ufagio. Alfajiri, kengele ya Misa haijalia, tulisikia vijiti vikikwaruza nje, na tulipofungua milango uwanja ulikuwa mweupe, una mistari kama kichwa cha mtoto aliyesukwa kwa ajili ya Pasaka. Kuku akipita, Mama Eusta alirudi kufuta nyayo zake. Sikukuu moja ya mtakatifu somo wa parokia alizawadiwa kitenge mbele ya waumini wote kwa ajili ya usafi, na akinamama wa Kanoni wakawa wanawaambia binti zao waolewao, "Pitia kwanza kwa wazee ukaone uwanja."

Sasa, nyumba yetu imekaa kwenye mteremko. Ilipojengwa, mlango wa nyuma ulikuwa sawa na ardhi. Mzee alitoka na mkongojo wake, akaota jua, akarudi, bila kuomba mkono wa mtu. Miaka ikaenda, ardhi ikashuka, tukamwita fundi Celestin akaweka ngazi. Ikashuka tena, akaweka ya pili. Sisi tulilaumu mvua. Mwaka 2016 mawe ya msingi yakaanza kuchungulia, fundi akaitwa aweke ngazi ya tatu.

Celestin alikaa juu ya ndoo yake, akautazama uwanja, akamtazama Mama Eusta na ufagio wake. Akasema bila ubaya, "Mama, ufagio unalegeza, mvua inabeba. Mnaifagia nyumba yenyewe." Mama Eusta akamwambia ashike mwiko wake na ufagio awaachie wenyewe. Fundi akacheka. Lakini mzee Jovitus, aliyekuwa amekaa mlangoni kwa sababu hizo ngazi mbili zilikuwa zinamshinda tayari, hakucheka. "Wekeni tu ya tatu," alisema. "Hiyo mtanishushia siku ya kunizika."

Neno hilo lilimwingia Mama Eusta. Mzee Jovitus alilima kahawa Nyabiyonza maisha yake yote, mtu wa nje kabisa. Akikosa jua la asubuhi anakuwa mkali kama pilipili na chakula hakigusi. Kumbeba kila siku tusingeweza, na yeye kubebwa hataki. Asubuhi iliyofuata sikusikia vijiti. Nilidhani mwenzangu anaumwa. Nilimkuta amesimama katikati ya uwanja, mikono mitupu, na ufagio ameutundika kwenye msumari jikoni kwangu. Akaniuliza jambo ambalo bado nalitafakari hata nikiwa kanisani: "Dada Benadeta, kule kibanjani penye migomba tunaifunika ardhi kwa majani yake isikauke, isichukuliwe na maji. Mlangoni kwetu tunaivua nguo. Tulifundishwa na nani?"

Fundi aliambiwa asiweke ngazi. Badala yake Mama Eusta alimsumbua Sista Anatolia mpaka tukapata gata na simtanki, ili maji ya bati yasidondoke tena uwanjani na kuchimba. Upande wa chini alipanga mawe na kupanda mchaichai kwa mstari, ule unaotunywesha chai mpaka leo. Katikati akapanda ukoka. Penye migomba akatandika majani. Kisha ikaja kazi ya karai: kila baada ya mvua alishuka mpaka kwenye mfereji wa barabarani, akachota udongo, akapandisha nao kichwani. Walimcheka. Akawajibu kwamba huo udongo ni wa kwetu, ulitoroka tu.

Mimi nami niliongezewa kazi ambazo sikuziomba. Takataka za jikoni tulikuwa tunazichoma shimoni, maganda ya ndizi pamoja na mifuko ya plastiki, moshi mweusi unawaingia wazee vyumbani. Akalikataa hilo shimo. Maganda yakaenda kuoza mahali pake, plastiki zikatengwa, maji ya kuoshea vyombo yakachujwa kwenye kokoto na mchanga kabla ya kufika kwenye migomba. Sufuria yenye mafuta sharti niifute kwanza kwa jani. Nilimwambia niliajiriwa kupika. "Kweli," akasema, "na matoke ya hapo utayapika wewe." Ndiyo ninayoyapika.

Msidhani alipata amani. Kwetu uwanja ukikaa siku kadhaa bila kufagiwa, watu wanajua mko matangani. Basi jirani yetu bibi Mukashema alipochungulia akaona majani yametapakaa, alijifunga kitenge, akaja na mkungu wa ndizi kichwani na huzuni usoni. "Poleni jamani, mbona hamkunituma mtu? Ametutoka nani?" Akawa anawapitia wazee kwa macho mmoja mmoja aone nani hayupo. Mzee Jovitus akamjibu kutoka kwenye kiti chake, "Bado tupo wote, bibi. Lakini ndizi usirudi nazo."

Huyo huyo mzee Jovitus, ambaye kazi yote ilikuwa ni kwa ajili ya miguu yake, ndiye aliyepinga kuliko wote. Alisema ameomba mlango, si pori, na kwamba nyoka wa kwanza atakayeonekana atamwita kwa jina la Mama Eusta. Hofu ya nyoka si ya kuchezea, mwenyewe Mama Eusta anamwogopa hata mjusi. Kwa hiyo karibu na kuta ukoka aliukata mfupi kwa fyekeo kila wiki, na mimea mirefu yote akaipeleka mbali. Nyoka hajaonekana, Mungu ni mwema. Jina bado halijapata mwenyewe.

Hata Sista alitetereka. Walipokuja wageni wafadhili, alimwomba afagie siku hiyo moja tu, nyumba isiaibike. Mama Eusta alipiga goti kwa heshima akasema, "Sista, nikiushika ufagio leo, kesho wenyewe utanishika mimi." Akatumia asubuhi nzima kusugua ndani, vioo vyote viking'aa, na yale mawe ya nje akayapaka chokaa. Wageni walipofika nyuma walivua viatu wakakaa kwenye ukoka pamoja na wazee. Sista hakuligusia tena jambo hilo, ila jioni alimpelekea chai mwenyewe kwa mkono wake.

Udongo haurudi haraka kama ulivyoondoka. Ilipita miaka kabla hatujaona ngazi ya chini imeanza kumezwa. Tukawa tunaiangalia kama watu wanaongoja mtoto aote meno. Ikazama yote. Ya pili nayo ikafuata kidogo kidogo, Celestin akija mara kwa mara kupanga kokoto ukutani ili unyevu usipande. Wiki ya Pasaka mwaka huu, nikiwa namenya ndizi, nilimwona mzee Jovitus amesimama mlangoni na mkongojo wake. Nikanyanyuka nimshike. Akanikatalia kwa jicho. Aligusa nje kwa mkongojo, akatoa mguu mmoja, akatoa na wa pili, akaenda kukaa juani. Mama Eusta alikuwa pale pale na fyekeo lake. Alimtazama mara moja, akaendelea kukata, ila nilimwona akijifuta macho kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Mimi nilimwambia Mungu asante kwa niaba yetu wote watatu.

Ndiyo maana aliogopa kuondoka. Aliniambia hivi: "Atakayekuja atapewa ufagio, na mgeni wa kazi hutaka aonekane anafanya. Miezi sita tu, dada, tutamwita tena Celestin." Tuliliombea.

Juma lililopita aliripoti kazini binti Vero, ambaye ndiye atakayeshika nafasi yake. Kweli binti ana bidii. Kabla hata ya chai alikwishauona ule ufagio kwenye msumari, akautungua, akaelekea mlango wa nyuma huku amejikunja tayari. Mama Eusta alikuwa amebeba ndoo. Akasimama. Sauti ilitoka kwenye kiti cha juani, cha mzee Jovitus.

"Mjukuu wangu, shikamoo yako nimeipokea. Sasa huo ufagio rudisha ndani. Hapo unapotaka kufagia ndipo ninapokanyagia mimi."

Vero akauliza, "Na haya majani, babu, yabaki?"

"Yabaki. Njoo ukae, nikueleze hii nyumba ilivyokuwa na ngazi."

Alimweleza mpaka chai ikapoa, na kwa jinsi alivyoeleza ungedhani karai alilibeba yeye. Mama Eusta hakumsahihisha. Aliweka ndoo chini akaja jikoni kwangu kucheka.

Mama Eusta, kwa niaba ya wazee, masista na wafanyakazi wote, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba mtu anaweza kusifiwa kwa jambo, akavikwa kitenge kwa jambo hilo, na bado akaliacha alipoona linamuumiza mwenzake. Tumekuandalia blanketi, na kama ulivyoomba, miche ya mchaichai na gunia la mboji yetu. Tunajua huko kwako Kiruruma mkweo anafagia kuliko ulivyofagia wewe. Mwendee polepole, maana wewe mwenyewe ulihitaji ngazi mbili na ya tatu ikiwa njiani. Mungu aliyemfinyanga mtu kwa udongo akupe afya, usingizi mzuri na miaka mingi ya kukaa mlangoni kwako kwa raha. Na siku ukipita Kanoni usizunguke mbele kama mgeni. Ingilia nyuma, hakuna ngazi ya kupanda.