Bwana Peterson Anashuka Mara ya Pili

Bwana Peterson, dereva wa ndege yetu ya kunyunyizia ngano dawa, anaacha kazi Jumamosi, tarehe 31 Agosti 1957. Ameruka miaka kumi na mmoja, ukitoa ile minane aliyofuga nguruwe Njoro.

Karani alitaka kuandika habari hii yeye. Nimekataa. Yeye anajua kupiga chapa tu. Mimi Masinde ndiye mshika bendera, na Nakuru nzima hakuna aliyemwona Bwana Peterson akija usoni mara nyingi kama mimi.

Aliacha kuruka mwaka 1946, ndugu yake alipoanguka na ndege karibu na Longonot. Akaapa harudi. Lakini mpishi wake anasema kila ndege ikipita, bwana alitoka nje akasimama mpaka supu ikapoa.

Mwaka 1954 akarudi. Alifanya mtihani upya, na mvi zake. Siku ya kwanza alishindwa kufunga mkanda. Nani alimfunga? Mimi.

Kazi yangu ni kusimama mwisho wa shamba na bendera. Ndege inanilenga, inapita juu ya kichwa, nami nasogea hatua kumi na nane. Kemboi, wa upande ule mwingine, hulala chini kila mara kama kwale. Mimi sikulala hata siku moja, ndiyo maana Bwana Peterson akaniita Mlingoti.

Mwezi wa saba, huko Keringet, nililala. Alikuja chini mno, magurudumu yakakata ngano mbele yangu. Akatua, akanijia kwa miguu.

"Mlingoti, mbona umelala?"

"Magoti, bwana. Yamezeeka."

"Magoti yako, au macho yangu?"

Nikaanza kukunja bendera, na shamba lilikuwa halijaisha. Wiki ile ile alikwenda kwa daktari bila kutumwa na mtu, na ruhusa yake ya kuruka ikachukuliwa.

Kemboi anasema ningesimama tu, bwana angeruka mwaka mwingine. Mimi nasema angeruka wiki moja. Katika hilo sibishwi, ila tangu siku ile chakula hakina ladha.

Ahsante, Bwana Peterson. Umenyunyizia mashamba yote haya na hukuumiza mtu. Umeshuka mzima, na wengi wa kazi yako hawakujaliwa hivyo. Sisi sote wa uwanjani tunakuombea siku nyingi, na njema, hapa chini pamoja nasi.